Umepanda maua, nyuki hawajaja: mwongozo kamili wa kuwaweka nyuki wa porini shambani

Lalamiko ninalolipata kuliko yote ni hili: "Nilipanda maua ukingoni, nikatundika na kinyumba cha nyuki. Mwaka umepita, na maboga bado yananyauka yakiwa saizi ya kidole gumba." Nikimuuliza mwenye shamba alitayarishaje ardhi, jibu ni lile lile. Alilima mpaka mpakani, akang'oa visiki, akachoma mabua, akapalilia hadi shamba likawa safi kama sakafu.

Kosa liko hapo. Duniani kuna takriban aina 20,000 za nyuki, na wengi wao hawana mzinga wala malkia. Kila jike hujijengea kiota chake peke yake, na takriban aina saba katika kila kumi huchimba ardhini. Nyuki unayemwona juu ya ua huishi wiki chache tu. Watoto wake hukaa chini ya udongo miezi mingi, mara nyingi karibu mwaka mzima, wakingoja msimu wao. Ukiwapindua kwa jembe wakati shamba linaonekana tupu, umewaua wachavushaji wa msimu ujao, wale wanaobeba chavua, ule unga wa ua, kutoka ua hadi ua ili tunda lishike.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na udongo. Maua yapo hatua ya nne, na naomba usiruke kwenda huko.

## Je, zao lako linahitaji nyuki?

Mahindi huchavushwa na upepo, na mpunga, ngano na maharage ya kawaida hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Ukilima hayo tu, nyuki watakuwa faida kwa mazingira lakini magunia hayataongezeka.

Maboga, matango, matikiti, pasheni, alizeti, tufaha, parachichi na stroberi ni habari nyingine. Nyanya na biringanya ziko katikati: hujichavusha, ila hushika vizuri zaidi ua likitikiswa. Chavua yake imefungiwa ndani ya mirija yenye tundu dogo nchani, na nyuki wa asali hajui kuitoa. Wapo nyuki wa porini wanaolikumbatia ua na kutetemesha misuli ya mabawa mpaka chavua inamwagika kama unga kwenye chekecheke. Ukiona vialama vya kahawia kwenye koni ya njano ya ua la nyanya, huenda ni alama za meno yao. Walikupitia.

## Vifaa

Kusanya hivi kabla ya kuanza:

- vigingi 20 hivi, na uzi wa rangi tatu
- vifuko vya kitambaa cha wavu laini (usikate chandarua kilichotiwa dawa, maana utakuwa unawaua wadudu unaotaka kuwahesabu)
- gilasi ya plastiki inayoonyesha
- daftari, saa na kiti kifupi
- panga au fyekeo, reki na jembe jepesi
- mbegu za maua za aina tisa au zaidi
- mchanga mkavu wa kuchanganyia mbegu
- mabua, vipande vya mwanzi na gogo kavu lisilopakwa dawa
- keekee yenye ncha za kutobolea za milimita 3 hadi 10, na msasa
- wavu wa waya wa kuzuia ndege

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba tatizo ni uchavushaji

Wengi huiruka hatua hii, kisha wanahangaika miaka miwili kutibu ugonjwa ambao shamba halina. Tunda kunyauka changa kunaweza kutokana na kiu, joto kali, uhaba wa rutuba au nzi wa matunda. Jaribio lenyewe halina gharama.

Nitatumia boga kwa sababu maua yake ni makubwa. Ua la kike utalijua kwa kijiboga kidogo kilicho chini yake. La kiume lina kikonyo kitupu. Jioni, tafuta maua 30 ya kike yatakayofunguka kesho yake. Yameanza kugeuka njano nchani lakini bado yamejikunja. Chukua ua moja tu kwa kila mmea, kwa sababu mmea uliokwisha kushika tunda moja huweza kuyaangusha mengine, na hesabu yako itapotoka.

1. Maua kumi ya kwanza: yavishe vifuko, funga kwa uzi mwekundu. Usivivue mpaka ua linyauke.
2. Kumi ya pili: yaache wazi, weka uzi mweupe.
3. Kumi ya tatu: yaache wazi, weka uzi wa buluu. Asubuhi yake, mapema, chuma maua ya kiume uliyoyafunika tangu jana, ng'oa petali, kisha sugua chavua kwenye ile sehemu nata iliyo katikati ya ua la kike. Sugua pande zote.

Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo ukichelewa kitandani umekosa siku nzima.

Baada ya siku kumi hesabu yaliyoshika. Wakati wa kuvuna, pima uzito na uangalie umbo. Boga au tikiti lililonyong'onyea upande mmoja kwa kawaida lilipata chavua upande mmoja, kwa sababu mbegu hazikuumbika kote na nyama ya tunda hukua zilipo mbegu.

Jinsi ya kusoma matokeo. Ya buluu yakiyazidi meupe kwa mbali, una upungufu wa wachavushaji. Endelea na mwongozo. Yakilingana, nyuki wako wanatosha, nenda ukaangalie maji na mbolea. Mekundu yote yanapaswa kuanguka. Yakishika, kifuko kilivuja, au mbegu yako ni ya aina inayozaa bila kuchavushwa, kama yalivyo baadhi ya matango.

## Hatua ya 2: Watafute waliopo tayari

Kabla ya kuwajengea wageni, wajue wenyeji. Chagua siku ya jua isiyo na upepo. Kati ya saa tatu na saa sita mchana, tembea polepole kwenye mipaka, kando ya njia, kwenye kingo za mitaro na chini ya miti mikubwa. Unatafuta tundu la upana wa penseli au dogo zaidi, lenye kichuguu kidogo cha udongo uliochekechwa.

Tundu la sisimizi au la sungusungu lina msafara. La nyuki mpweke lina mwenyeji mmoja, anayerudi miguu ikiwa imevimba kwa chavua ya njano, akasita hewani kidogo, kisha akazama. Usipoona kitu kwa dakika kumi, funika tundu kwa gilasi. Akiwa ndani, atatoka na kunaswa humo. Mtazame, mwachie mara moja.

Weka kigingi hatua moja kutoka kwenye tundu, si pembeni yake kabisa. Hili nilijifunza kwa aibu. Nilichomeka kibendera chekundu kinachopepea sentimita chache kutoka kwenye kiota, na yule mama aliporudi na mzigo wake akazunguka muda mrefu asipatambue kwake. Wanakariri vijiwe na vijiti vilivyo mlangoni. Ukivihamisha, umewahamisha nyumba.

Chora ramani ya viota vyote. Hiyo ndiyo ardhi usiyogusa.

Kuhusu kuumwa: nyuki wapweke hawana asali ya kulinda, na ni nadra kumchoma mtu asiyewakamata. Mwenye mzio mkali wa sumu ya nyuki na achukue tahadhari zake za kawaida.

## Hatua ya 3: Tenga ardhi isiyolimwa

Huu ndio moyo wa kazi yote, na ndio unaowachoma wakulima roho, kwa sababu unaambiwa uache ardhi ikae uchi bila kupandwa kitu.

Mahali. Chagua panapopata jua la asubuhi, pasipotuama maji, na ikiwezekana pawe na mteremko kidogo. Udongo wa kichanga uliochanganyika na mfinyanzi kidogo unafaa zaidi, kwa sababu unachimbika na handaki halibomoki.

Umbali. Nyuki wadogo hawaendi mbali kutafuta chakula. Wengi huishia mita mia chache. Vipande vitano vya mita mbili kwa tatu vilivyosambaa kuzunguka zao vina faida kuliko kipande kimoja kikubwa kilicho mwisho wa shamba. Lenga kiota kisizidi mita 200 hivi kutoka kwenye ua la zao.

Matayarisho. Fyeka nyasi kwa chini, kisha vuta kwa reki hadi udongo uonekane kati ya mashina. Usilime wala usipindue. Acha vishungi vya nyasi hapa na pale vishike udongo. Usiweke matandazo wala karatasi ya plastiki hapo: matandazo ni mazuri kwa mboga, lakini kwa nyuki mchimbaji ni mlango uliopigwa kufuli.

Kama udongo wako ni mfinyanzi mzito unaopasuka, rundika mchanga uliochanganywa na udongo mahali penye jua, kimo cha nusu mita, ukaugandamize kwa mgongo wa jembe. Mchanga mlaini wa pwani haufai, handaki litaporomoka.

Ndani ya zao lenyewe. Viota vingi viko kati ya sentimita 10 na 60 chini, na wapo nyuki wanaochimba chini ya mashina ya zao wanalolichavusha. Kwa hiyo pale inapowezekana, punguza kina cha kulima. Palizi ya juujuu, ya sentimita tano, huwaacha wengi salama.

Tahadhari. Usiache eneo kubwa wazi kwenye mteremko mkali. Mvua itakuondolea udongo. Na usiupitishe mfereji wa umwagiliaji juu ya viota.

Dalili ya mafanikio. Matundu mapya ndani ya msimu mmoja au miwili. Mahali pazuri hugeuka kijiji: mwaka wa kwanza matundu matatu, baadaye unakosa pa kukanyaga.

## Hatua ya 4: Maua ya mwaka mzima

Zao lako huchanua wiki tatu, nne. Nyuki aliyetoka ardhini wiki mbili kabla yake atakula nini? Na anayelea watoto baada ya zao kwisha je? Hapo ndipo maua ya pembeni yanapofanya kazi, kuwavusha kwenye njaa.

Chora jedwali la miezi kwenye daftari. Andika kila kinachochanua shambani sasa, hata magugu na miti. Miezi isiyo na kitu ndiyo ya kujaza. Lenga aina tatu zinazochanua kwa pamoja wakati wowote wa msimu wa nyuki, zenye maumbo tofauti: ua wazi la kina kifupi kama giligilani na shamari kwa nyuki wenye ulimi mfupi, ua la mrija kama rehani na jamii ya mnanaa kwa wenye ulimi mrefu, na jamii ya mikunde kama mbaazi, kunde na luseni. Mimea ya asili ya eneo lako itangulie kuliko ya kigeni, na usilete mmea unaojulikana kuvamia mashamba.

Epuka maua yaliyozalishwa yakawa na petali rundo kwa rundo. Ni mazuri kwa picha, lakini mara nyingi mbochi (yale maji matamu ya ua) na chavua vimefichwa au havipo kabisa. Vivyo hivyo alizeti za mapambo zisizo na chavua.

Njia rahisi kuliko zote, na ninashangaa watu huidharau: using'oe mboga zote. Acha mstari wa giligilani, kabichi, karoti au vitunguu utoe maua. Hugharimii hata mbegu.

Ukitaka kupanda ukanda wa maua, fuata mpango huu, kwa sababu hapa ndipo wengi humwaga mbegu wakavuna magugu:

1. Pima ukanda wa upana wa mita moja hadi tatu, mbali na viota ulivyochora kwenye ramani.
2. Safisha juu, nyeshea, subiri magugu yachipue. Yakate kwa jembe jepesi bila kuchimba. Rudia mara mbili au tatu. Kila mzunguko unapunguza akiba ya mbegu za magugu iliyo juu ya udongo.
3. Usiweke mbolea. Rutuba nyingi hunufaisha nyasi, na nyasi humeza maua.
4. Changanya mbegu ndogo na mchanga mkavu, sehemu moja kwa tano au zaidi, ili uone ulipomwaga. Panda kila aina kwa vishada vya mita moja ya mraba, si moja moja. Nyuki hupendelea kukusanya sehemu moja bila kuzurura.
5. Usifukie. Kanyaga kwa miguu au pitisha ubao mzito. Mbegu nyingi za maua ni ndogo mno kuweza kupanda juu kutoka sentimita tatu chini.
6. Magugu yakiyazidi maua kimo mwaka wa kwanza, kata yote usawa wa sentimita 15 hadi 20 kabla hayajatoa mbegu. Mimea ya kudumu itachipua tena. Mingi huchanua vizuri mwaka wa pili.

Huulizwa kila mara kama maua ya pembeni hayatawavuta nyuki kutoka kwenye zao. Zao likichanua kwa wingi, lenyewe ndilo karamu. Ukiwa bado na wasiwasi, chagua aina zinazochanua kabla na baada yake.

## Hatua ya 5: Mabua na mbao

Nyuki wasiochimba ardhi hukaa kwenye matundu ya mbao na ndani ya mabua. Hatua hii ni fupi ukiwa mvivu, na uvivu hapa unalipa: baada ya kuvuna, kata mabua yenye moyo laini au yaliyo wazi kimo cha sentimita 30 hadi 60, uyaache yamesimama miaka miwili. Gogo kavu liache lilipo. Basi.

Ukitaka kujenga kiota cha mbao, toboa gogo kwa keekee matundu ya milimita 3 hadi 10, kina cha sentimita 15, yasitokee upande wa pili. Piga msasa mdomoni, kwa sababu kibanzi hupasua mabawa. Kina kina maana yake: jike huweka mayai ya majike nyuma na ya madume mbele, na tundu fupi huzaa madume karibu matupu, ambao hawakusanyi chavua. Mwanzi ukate nyuma ya fundo ili upande mmoja uzibike.

Kaza kiota imara, kisiyumbe, mita moja na nusu juu, kielekee jua la asubuhi, kiwe na kipaa cha mvua. Weka wavu wa waya mbele, sentimita chache kutoka kwenye matundu, dhidi ya ndege. Jenga vidogo vingi mahali mbalimbali. Kiota kikubwa kimoja hukusanya ukungu, utitiri na vimelea. Badilisha mirija kila miaka miwili, ila ile tu iliyokwisha kufunguliwa kwa ndani na vijana kuondoka.

Tundu lililozibwa kwa tope ni la nyuki mwashi. Lililozibwa kwa vipande vya majani ni la mkata majani, yule anayekata ukingo wa jani nusu duara kama kwa mkasi. Ukiona majani yamekatwa hivyo, usikimbilie bomba la dawa.

## Hatua ya 6: Dawa

Nasema waziwazi: hatua zote zilizotangulia zikifanywa ndani ya shamba linalopigwa dawa ovyo, umejenga mtego. Umewaita wageni kwenye sumu.

- Usipulizie dawa ya wadudu ua likiwa wazi. Ikibidi, pulizia jioni nyuki wakisharudi, upepo ukiwa umetulia. Kwenye bustani ya miti, fyeka kwanza magugu yenye maua chini ya miti.
- Dawa za wadudu zenye imidakloprid, thiamethoksam au klothianidin hupenya mmea mzima hadi kwenye chavua na mbochi, hata zikiwa zimepakwa tu kwenye mbegu, na hukaa kwenye udongo wanamochimba nyuki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake nje ya vibanda vya kioo mwaka 2018. Soma kibandiko cha mbegu pia, si cha chupa tu.
- Dawa ya unga ni hatari zaidi, maana nyuki huibeba pamoja na chavua hadi kwa watoto.
- Usichanganye dawa ya ukungu na ya wadudu kwenye bomba moja bila kibandiko kuruhusu. Baadhi ya michanganyiko huzidisha ukali wa sumu kwa nyuki.
- "Ya asili" si neno la kinga. Dawa ya pareto huua nyuki ikiwagusa.
- Dawa ya magugu haihitaji kumgusa nyuki. Inatosha kumalizia maua.

## Hatua ya 7: Hesabu, kisha subiri

Nyuki wengi wapweke huzaa kizazi kimoja kwa mwaka, kwa hiyo idadi haiwezi kulipuka kwa wiki sita. Mwaka wa kwanza tarajia wageni kwenye maua. Wa pili, viota. Kwenye zao, tofauti huanza kuonekana wa pili au wa tatu.

Kila msimu, siku tatu za jua, kaa kitini mbele ya maua 50 ya zao kwa dakika kumi. Kwa maboga iwe kabla ya saa tatu asubuhi. Usihangaike na majina ya kitaalamu. Andika makundi: nyuki wa asali, wakubwa weusi wenye manyoya, wanaong'aa kijani, wadogo kama punje ya mchele, wanaobeba chavua chini ya tumbo. Makundi yakiongezeka ni habari njema kuliko idadi ya kundi moja kuongezeka.

Hapo ndipo huja swali la kuongeza mizinga. Mizinga husaidia, ila haijazi nafasi hiyo. Utafiti wa mwaka 2013 uliolinganisha mazao katika mifumo 41 ya kilimo ulionyesha kwamba ziara za wadudu wa porini ziliongeza kushika kwa matunda mara mbili ya ziara za nyuki wa asali, na ongezeko hilo lilikuwepo hata mahali penye nyuki wa asali tele. Mizinga mingi mno kwenye maua machache nayo huwanyang'anya chakula hao wa porini.

Msimu wa tatu rudia jaribio la nyuzi tatu, kwa aina ile ile ya boga na kwenye kipande kile kile. Yale ya uzi mweupe yakiyakaribia ya buluu, acha kuongeza vitu, tunza ulivyonavyo. Pengo likibaki pana, chukua ramani ya hatua ya pili, uanze kwa kuangalia kama kuna aliyelima juu ya vigingi.